Bawaba za Milango ya Tela la Kambi: Anza na Pini, Si na Bamba

Mlango wa tela la kulala ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mlango wa ubavuni wa plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 65, urefu sentimita 95: una kilo kama saba. Ongeza kidirisha, kitasa na raba, unafika kumi. Bawaba mbili za mlango wa chumbani hubeba zaidi ya hapo miaka nenda miaka rudi. Sasa kwa nini tela lililojengwa uani kwa moyo wote, likaenda ufukweni Ushongo na kurudi misimu miwili, mlango wake uwe umeshalala na unakwaruza fremu?

Uzito hauhusiki, au unahusika kidogo sana. Huku mwambao bawaba inauawa na chumvi, halafu mtikisiko unamalizia. Ukilielewa hilo, utaacha kuchagua bawaba kwa unene wa bamba na kung'aa kwake.

Bawaba inakufaje

Bawaba ina mabamba mawili, mirija inayopishana katikati, na pini inayopita ndani ya mirija hiyo. Mabamba ndiyo yanayosuguliwa yakang'aa, na ndiyo muuzaji anayokuonyesha. Pini imejificha. Ziko bawaba nyingi zinazouzwa kwa jina la stenlesi ambazo mabamba ni stenlesi kweli, lakini pini ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Maji ya chumvi yakiingia kwenye mrija hayatoki upesi. Pini inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inabana. Mlango unakuwa mgumu, mtu anausukuma kwa bega, na kwa kuwa pini haizunguki tena, nguvu yote inahamia kwenye skrubu. Skrubu zinang'oka. Mwenye tela analaumu plaiwudi.

Mtikisiko nao una njia yake. Kwenye changarawe iliyojikunja kama bati, tela jepesi linarukaruka kuliko gari linalolivuta, na kila mruko unaufanya ule mlango wa kilo kumi uvute kama wa kilo nyingi zaidi kwa nukta moja. Pini iliyolegea ndani ya mrija inagonga, nafasi inaongezeka, vumbi linaingia na kusaga kama msasa. Ndiyo maana bawaba inayochezacheza ikiwa bado mpya mkononi mwako haifai kabisa kwa tela, hata kama ni nene kiasi gani.

Amua kwanza mlango utafungukia wapi

Fanya hivi kabla ya kwenda dukani, maana aina ya bawaba inategemea.

Mlango wa ubavuni uweke bawaba upande wa mbele wa tela, kule kwenye gari. Kitasa kikiachia njiani, upepo wa mwendo utausukuma mlango ujifunge. Ukiweka bawaba nyuma, upepo huohuo utaudaka mlango na kuurudisha mpaka kwenye ubavu wa tela, na hakuna bawaba itakayohimili pigo hilo. Kama tela lina mlango mmoja tu, uwe kushoto: tunaendesha kushoto, na anayeshuka ashukie kando ya barabara, siyo katikati yake.

Mlango wa nyuma wa jiko huwa unanyanyuka juu, kwa hiyo bawaba zake zinakaa kwenye ukingo wa paa, pale pale mvua ya masika inapotiririkia. Huo nitaurudia, una mambo yake.

Acha uwazi wa milimita tatu hadi nne kuzunguka mlango wote. Mbao huvimba kwa unyevu, na unyevu wa Tanga unaujua. Mlango uliopachikwa ukiwa umebana mwezi wa pili, wakati wa jua la kaskazi, mwezi wa nne hautafunguka.

Metali

Stenlesi daraja 316 ndiyo bora kwa baharini. Ina molibdeni asilimia mbili hadi tatu, na hiyo ndiyo inayoizuia chumvi isiitoboe vitundu vidogovidogo. Ndiyo inayotumika kwenye vyombo vya baharini, na kwa kawaida utaipata kwa wauza vifaa vya boti, si kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Daraja 304, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, ndiyo ya kawaida madukani. Hewa ya chumvi itaitia madoa ya rangi ya chai, lakini madoa hayo ni ya juu juu, na ukiisuuza kwa maji ya bomba itaishi muda mrefu. Ushauri wangu: tela linalolala Raskazone au popote upepo wa bahari unapofika moja kwa moja, tafuta 316. Linalolala Muheza au Korogwe na kushuka pwani mara chache, 304 yatosha na hela inayobaki nunulia bolti nzuri.

Chuma cha zinki kiko cha namna mbili na tofauti yake ni kubwa. Kile kinachong'aa laini kimepakwa zinki kwa umeme, utando wake kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 12 tu (mikroni elfu moja ni milimita moja). Huko ni kuhesabu masika. Kile cha kijivu kilichofifia, chenye uso wenye mabonde madogo, kimechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa na utando wake huanzia mikroni 45. Hicho ni kizuri na cha bei nafuu, ila usikichomelee bila kusaga zinki kwanza: moshi wake unamtia fundi homa, na sehemu iliyochomwa inabaki bila kinga.

Shaba ya manjano iliyo shaba tupu haishiki kutu, lakini ni laini na pini yake inalika kwa mtikisiko. Iweke kwenye makabati ya ndani. Tena uwe macho, kwani nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kwaruza mahali pasipoonekana kwa tupa. Ukiona kijivu chini, rudisha.

Alumini nayo haishiki kutu nyekundu, na ni nyepesi. Tatizo lake ni ndoa. Ukiigusanisha na stenlesi kisha ukamwagia maji ya chumvi, umetengeneza betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Kosa baya zaidi ni kufunga bawaba kubwa ya stenlesi kwa ribiti ndogo za alumini: metali ndogo inayoliwa ikizungukwa na kubwa isiyoliwa huisha upesi mno. Kama kuta za tela ni za bati la alumini, weka kitu kisichopitisha umeme kati ya bati na bamba la bawaba. Plastiki iliyokatwa kwenye dumu la maji inafaa sana, na haina gharama. Mpira mweusi wa tyubu usiuamini kwa kazi hii, kwa sababu una masizi ya kaboni ndani yake, na kaboni inaweza kupitisha umeme.

Aina ipi

Bawaba bapa ya kawaida, ile ya mlango wa nyumba, inatosha kwa mlango wa ubavuni ikiwa pini yake ni ya stenlesi na bamba lina milimita mbili au zaidi. Ni rahisi kuipata na rahisi kuibadilisha.

Bawaba ndefu ya mfululizo, inayoanzia mwisho mmoja wa mlango hadi mwingine, watu wanaipenda kwa sababu inagawa mzigo kwenye skrubu nyingi. Kweli inagawa. Lakini bamba lake ni jembamba, pini yake nyembamba, na ina mirija mingi ya kukusanyia mchanga. Ikipinda mahali pamoja unaitoa yote. Ya alumini ina jambo jingine: ikiwa na urefu wa mita moja na nusu, ikatoka kwenye ubaridi wa alfajiri wa nyuzi 20 hadi kwenye jua la mchana linaloichoma mpaka 60, inarefuka karibu milimita moja na nusu, ilhali plaiwudi chini yake haijarefuka hata nusu milimita. Kwa hiyo tundu la katikati liwe la kubana, na matundu ya pembeni yatobolewe yawe marefu kidogo ili bamba lipate pa kwendea.

Bawaba za mkanda, zile zenye ulimi mrefu unaolala juu ya mlango, zina faida ambayo haisemwi sana: ulimi unauzuia mlango wenyewe usipinde. Kwa mlango uliotengenezwa kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao, mimi ningechagua hizi.

Halafu kuna bawaba ya kuchongesha, na kama fremu ya tela lako ni ya chuma, hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Mwone fundi wa lethi, yaani mashine ya kuchongea chuma. Akukatie vipande vya bomba nene, akutafutie nondo laini ya stenlesi ya milimita 10 iwe pini, na akuchongee kikombe cha nailoni kikae kati ya pini na bomba. Pini ifungwe kwa kotapini chini, namna ile ya milango ya bodi za malori. Ikilika, unavuta kotapini, unachomoa pini, unaweka nyingine, na mlango haujashuka hata kidogo. Nailoni inatenganisha metali mbili na inaua kelele. Ukichomelea stenlesi kwenye chuma cha kawaida, mwambie fundi atumie fimbo ya kuchomelea namba 309. Fimbo ya kawaida itaacha mshono unaoshika kutu ndani ya wiki chache.

Wanaodhani pini ndiyo kitu kidogo watazame milango ya kale ya Pangani na Bagamoyo. Haikutegemea bawaba za chuma. Kila ubao uliachiwa ncha ya mti juu na chini, zikizunguka ndani ya matundu ya fremu, na uzito wote ukakaa chini badala ya kuning'inia ubavuni. Hakuna cha kushika kutu hapo.

Dukani

Nenda na sumaku, iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha, pamoja na tupa ndogo. Utauliza, "Mjomba, hii stenlesi?" na utajibiwa, "Stenlesi tupu hiyo mwanangu, utaiachia wajukuu." Mshukuru, kisha toa sumaku.

Gusa bamba. Gusa ncha ya pini peke yake. Stenlesi za 304 na 316 hazivutwi, au zinavutwa kidogo sana mahali zilipokunjwa kiwandani. Pini ikinasa kwa nguvu huku bamba halinasi, umeshapata jibu. Lakini sumaku haisemi kila kitu: kuna stenlesi ya bei rahisi, daraja 430, ambayo ni stenlesi na bado inanasa, na kinga yake dhidi ya chumvi ni ndogo. Kwa kazi yetu, inayonasa kwa nguvu iache.

Kisha shika bamba moja, tikisa jingine juu na chini, mbele na nyuma. Ifungue taratibu na usikilize. Iende laini mwanzo hadi mwisho. Tazama ncha za pini. Kama hazikugongwa zikapanuka wala hazina kofia, pini itapanda yenyewe barabarani, na ikiwa bawaba iko nje, mwizi naye ataichomoa kwa msumari.

Kama una siku chache kabla ya kununua seti nzima, nunua moja tu. Weka vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwenye lita moja ya maji, ambayo ni karibu na chumvi ya bahari, gramu 35 kwa lita. Ichovye asubuhi, itoe, iache ikauke juani, irudie jioni. Isikae majini muda wote: kulowa na kukauka ndiko kunakoharibu. Pini mbovu itaanza kutoa machozi ya kutu mapema tu.

Ngapi, na wapi

Hapa hesabu inasaidia. Ule mlango wetu wa kilo kumi na upana wa sentimita 65 una uzito wake katikati, sentimita 32 hivi kutoka kwenye bawaba. Bawaba mbili zikiachana sentimita 70, ya juu inavutwa kwenda nje kwa nguvu ya kama kilo nne na nusu. Zikiachana sentimita 35, inavutwa kwa kilo tisa. Bawaba ni zilezile, mlango ni uleule, mvuto umezidi mara mbili. Kwa hiyo zisukume mbali, moja karibu na juu na nyingine karibu na chini, uache sentimita kumi hivi kila upande. Ya tatu katikati ni ya kuuzuia mlango usipinde na raba isiachie mvua. Weka kama mlango unazidi urefu wa mita moja.

Mirija yote lazima iwe kwenye mstari mmoja. Vuta uzi wa mwashi kutoka bawaba ya juu hadi ya chini kabla ya kutoboa. Bawaba iliyopotoka milimita mbili itafanya kazi, ila kila ukifungua mlango utakuwa unapindisha pini.

Kufunga

Skrubu za mbao kwenye tela ni kazi ya muda tu. Na skrubu iliyoingizwa kwenye ubavu wa plaiwudi, katikati ya tabaka, haishiki kitu. Inatanua tabaka na kuondoka nazo. Tumia bolti inayopita mpaka upande wa pili, yenye kichwa cha duara nje kisichoshikwa na spana, nati ndani. Bolti ya spana 10, yaani ya milimita 6, inatosha mlango wa ubavuni. Nyuma ya plaiwudi weka bamba la alumini au chuma la milimita tatu, liwe na ukubwa wa bamba la bawaba au kuzidi. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani zisizofunguka kwa mtikisiko.

Bolti na nati za stenlesi zina tabia ya kung'ang'aniana zikifungwa kavu kavu na kwa kasi. Paka grisi, fungeni kwa mkono, msitumie mashine. Ikishanasa hivyo, hairudi mbele wala nyuma, utaikata.

Tundu ndilo mlango wa maji kuingia kwenye plaiwudi, na likishaoza, bawaba ya 316 itakuwa imeshika uji. Toboa tundu kubwa, la milimita 10, lizibe kwa epoksi, iache igande kabisa, halafu toboa tena la milimita 6 katikati ya epoksi. Sasa bolti haigusi mbao popote. Wajenzi wa mashua hawaachi ufa wa ubao bila kalafati, na tela linastahili heshima hiyohiyo. Chini ya bamba weka silikoni isiyo na harufu ya siki, kwani ile yenye harufu hiyo inatoa asidi inayochokoza metali. Kama umeweka plastiki ya dumu, fahamu kuwa silikoni haishikani nayo. Hapo kinachozuia maji ni mbano wa bolti, kwa hiyo kaza vizuri na usitegemee gundi.

Mlango wa nyuma

Wengi wanaweka shokapu za gesi, zile za buti la gari kutoka kwa wauza spea, na hawajui kwamba wameibebesha bawaba mzigo mkubwa kuliko mlango wenyewe. Tuseme mlango una kilo kumi na urefu wa sentimita 120. Uzito wake uko sentimita 60 kutoka kwenye bawaba. Shokapu mbili zikishikiza sentimita 20 kutoka kwenye bawaba, kila moja inahitaji kusukuma kwa niutoni 150, sawa na uzito wa kilo 15 hivi, hata kama ingesukuma kwa pembe nzuri kabisa, na pembe haiwi nzuri kabisa, kwa hiyo utahitaji 200 au zaidi. Mlango ukifungwa, shokapu zinalala karibu sambamba nao na nguvu hiyo yote inaishia kwenye bawaba, usiku na mchana, tela limeegeshwa. Skrubu ndogo zinatambaa polepole mpaka mlango unapanda na raba ya chini inaachia.

Niutoni zimeandikwa kwenye mwili wa shokapu, herufi N ikifuata. Soma kabla ya kulipa. Ya buti la gari kubwa inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya unayohitaji. Shikiza mbali zaidi na bawaba ili utumie shokapu dhaifu. Au fanya kama mimi ninavyopenda: acha shokapu, weka fimbo mbili za kuegemeza zenye pini ya kufungia. Hazina gesi ya kuisha na haziisukumi bawaba mlango ukiwa umefungwa. Upepo wa kusi ukiwa mkali, shusha mlango, kwani ukiwa umenyanyuliwa unakuwa tanga.

Juu ya bawaba hizi pigilia ulimi wa mpira, upana sentimita nane hivi, umeshikwa upande wa paa tu kwa bamba jembamba na silikoni, ukaning'inia juu ya mirija hadi kwenye mlango. Tyubu ya tairi la lori inafaa hapa. Maji yatapita juu yake.

Matunzo

Ukitoka ufukweni, mwagia bawaba maji ya bomba kabla ya kulala, si wikiendi ijayo. Zikikauka, tia tone la mafuta mepesi kwenye mirija. Grisi nzito inakamata mchanga. Zile zenye kikombe cha nailoni usizitie kitu.

Kila baada ya barabara ya vumbi, fungua mlango nusu na uunyanyue kwa mkono kwenye kona ya kitasa. Ukipanda kidogo na kugonga, sikiliza sauti inatoka wapi. Ikitoka kwenye bolti, kaza. Ikitoka kwenye mrija, pini imelika, na hapo kukaza bolti hakusaidii: badilisha bawaba, ya juu kwanza kwa kuwa ndiyo inayovutwa zaidi, na ile ya chini ikiwa bado haichezi iache ilipo.